Daftari la Kuni

Daftari la chama lina safu tano:
jina, mitumba, kilo, daraja, deni.
Ya sita nimeichora mwenyewe, kwa penseli,
pembeni kabisa, pale karatasi inapoanza kukunjika.
Juu yake sikuandika kitu.

Mihayo Kapaya: mikokoteni kumi na tisa.
Mama Nyanzala: kumi na mmoja, na vigogo alivyoazima.
Nkwabi wa kule bondeni hakutaka kusema;
nikatazama lundo la majivu mlangoni mwa bani lake,
nikaandika ishirini, nikaweka alama ya kuuliza.

Nilipokuwa darasa la pili
ukirusha jiwe kutoka uani kwetu lilianguka porini.
Leo ng'ombe wanafungwa nira jogoo la kwanza,
wanarudi taa zimekwisha washwa,
na mswagaji, mtoto wa miaka kumi na minne,
amelala juu ya kuni kama gogo jingine.
Shuleni wamemwandika: mtoro.

Jani la tumbaku linataka moto usiku na mchana.
Ukisinzia linaharibika rangi,
na rangi ndiyo ada, ndiyo bati, ndiyo mahari.
Basi hatusinzii.
Tunautia motoni mtundu, tunautia mninga,
tunautia na ule mti ambao bibi aliuita kwa jina;
jina nimelisahau, naukumbuka moshi wake tu.

Mjomba Kashindye ana mizinga arobaini.
Imelazwa nyuma ya banda la mbuzi,
imekosa matawi ya kuning'inia.
Nyuki nimewaona dukani kwa Shija,
kwenye kreti za soda,
wakigombea utamu uliobaki shingoni mwa chupa.
Mjomba aliwatazama kitambo.
"Hata hawa," akasema, "wamezoea vya dukani."
Akanunua soda, akanywa nusu, nusu akawaachia.

Nami sijitoi.
Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye bani.
Simu ninayomulikia mizani, pikipiki ya kaka,
mabati yanayopiga kelele mvua ikinyesha:
yote yalikuwa pori.
Na huko mbali, katika mji nisioujua,
mtu anatoka nje ya ofisi yake, anawasha,
anavuta mara saba, anatupa, anakanyaga.
Simchukii. Huenda naye ana deni.
Ila mti uliolikausha jani lake
ulikuwa mkubwa kabla babu yake hajazaliwa,
naye amepewa dakika tano za kupumzika.

Kampuni ilituletea miche, tukaipokea kwa sahihi:
mikaratusi, kila mmoja ndani ya kifuko cheusi cha plastiki.
Kiangazi kikala miche, kikatema vifuko.
Sasa vimenasa kwenye miiba, barabara ya Sikonge,
vinapepea kila lori la tumbaku likipita.

Mkaguzi alikuja Juni, vioo vya gari vimepandishwa.
Akafunua, akajumlisha, akafika safu ya sita.
"Hii ya nini?"
"Kuni."
"Haimo kwenye fomu."
Akatoa kifutio kipya, cheupe,
akafuta polepole, kama anayempangusa mtoto kamasi.
Namba zikaondoka, mikwaruzo ikabaki;
ukiinamisha karatasi juani, inasomeka.

Jana kaja Mihayo. Kusoma hajui,
anajua sura ya jina lake tu.
Akapitisha kidole: mitumba, kilo, daraja,
deni la mbolea. Hapo akaguna.
Kidole kikaendelea mpaka ukingoni,
kikakutana na mikwaruzo, kikasimama.

"Na hili," akauliza, "nadaiwa na nani?"

Nikaichonga penseli.
Nikaichonga tena.